Tumbo la mtoto wa Likoni: bakteria, mlo na unene

Watoto wengi wa Mombasa hawaishi kisiwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na kati yao 154,171 tu ndio waliokuwa Mvita, kaunti ndogo ya kisiwani. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, wako ng'ambo ya maji: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, na wengine Nyali na Jomvu. Kwa hiyo ukiuliza juu ya afya ya mtoto wa Mombasa, unamuulizia mtoto anayekulia Mtongwe, Mshomoroni, Mtopanga, Chaani au Magongo, anayekula kile kinachouzwa njiani baina ya nyumbani, shule na madrasa.

Swali la makala haya ni unene. Kwa miaka ishirini hivi wanasayansi wamekuwa wakisema kwamba bakteria wanaoishi utumboni wana mkono katika kunenepa kwa mtu. Habari hiyo imefika mitaani ikiwa imegeuka sura: kwamba mtu hunenepa kwa sababu ya bakteria wabaya, na tiba yake ni kununua bakteria wazuri kwenye kikopo cha yogati au kwenye vidonge. Msimamo wangu ni kwamba bakteria wana sehemu yao, lakini wao hufuata chakula. Ushahidi wenye uzito kwa mtoto wa Pwani uko kwenye sufuria, kwenye titi la mama na kwenye kaunta ya duka la dawa.

Mtu akitaja unene wa watoto katika Pwani huulizwa papo hapo kama haoni njaa. Swali hilo ni la haki. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 tu wana uzito uliozidi. Katika Kaunti ya Kilifi, ambayo inaanza pale Kisauni inapoishia, waliodumaa walikuwa asilimia 37, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Kwa takwimu hizo, mtu angeweza kuufunga mjadala wa unene akaenda zake.

Lakini utafiti huo huo unaonyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au ni wanene kupita kiasi. Watu hawa hawakushuka kutoka mbinguni wakiwa wanene. Kuna mahali baina ya miaka mitano na ishirini ambapo mwili hugeuka, na hapo ndipo tusipopima. Nairobi palipimwa: utafiti wa kimataifa uliofanywa humo kati ya 2011 na 2013 kwa watoto wa miaka 9 hadi 11 ulikuta takriban mmoja kati ya watano ana uzito uliozidi. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba duniani kwa jumla watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 walio wanene kupita kiasi sasa ni wengi kuliko wale wenye uzito pungufu. Afrika iliyo kusini mwa Sahara bado haijafika hapo, na hiyo ndiyo sababu ya kulizungumza jambo hili mapema.

Tena kudumaa na kunenepa si mambo ya watoto wawili tofauti. Mwaka 2000 watafiti waliowachunguza watoto wa mitaa ya mabanda ya São Paulo, Brazil, walikuta kwamba waliodumaa huchoma mafuta kidogo mwilini kuliko wenzao waliokua vizuri. Mwili uliokosa chakula utotoni hujifunza kuweka akiba. Mtoto huyo akihamia mahali ambapo chipsi, soda na mkate mweupe ni rahisi kupatikana kuliko kunde, akiba hiyo inakuwa kitambi. Familia ngapi za Kisauni na Changamwe zimetoka Ganze, Kaloleni au Kinango ndani ya kizazi kimoja? Wasomaji wa huko hawahitaji takwimu kulijua hilo.

Sasa tuje kwa bakteria wenyewe. Utumbo mpana wa binadamu una matrilioni ya viumbe hawa. Kazi yao kubwa ni kumalizia kile ambacho tumbo na utumbo mwembamba havikuweza kukimeng'enya, hasa nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Wao huzichachua, na katika kuchachua huko hutoa asidi fupi za mafuta ambazo hulisha ukuta wa utumbo, huupoza uvimbe wa ndani na huupelekea ubongo habari kwamba mtu ameshiba. Bakteria wasipopata nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaoukinga ukuta wa utumbo wakaula, na wengine hufa wakatoweka.

Madai ya unene yalianza na panya. Mwaka 2004 kundi la Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, liliwachukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, likawapandikizia bakteria wa panya wa kawaida. Katika wiki mbili mafuta yao ya mwili yaliongezeka kwa takriban asilimia 60, ingawa walikuwa wakila kidogo kuliko awali. Mwaka 2006 kundi hilo likaonyesha kwamba bakteria wa panya mnene hukamua nishati zaidi kutoka chakula kile kile. Mwaka 2013 wakaenda mbele zaidi. Walichukua kinyesi cha jozi nne za mapacha wa kike, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakawapandikizia panya. Waliopewa bakteria wa pacha mnene wakanenepa.

Magazeti mengi yaliishia hapo. Sehemu iliyofuata ya jaribio hilo la 2013 ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Watafiti waliwaweka panya wa makundi mawili katika tundu moja. Panya hula vinyesi vya wenzao, kwa hiyo bakteria wa wembamba waliwahamia waliokuwa wakielekea kunenepa, wakawazuia wasinenepe. Lakini hilo lilitokea pale tu panya walipolishwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Walipolishwa mafuta mengi na mboga na matunda machache, kama wanavyokula Wamarekani wengi, bakteria wale wazuri hawakushika. Walikosa cha kula.

Kwa binadamu ushahidi ni dhaifu zaidi ya hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marc Sze na Patrick Schloss, walikusanya data za tafiti kumi na kuzichambua upya kwa pamoja. Uhusiano baina ya unene na bakteria waliupata, ila ulikuwa mdogo mno kiasi kwamba usingeweza kuangalia bakteria wa mtu ukabashiri kama ni mnene au la. Mwaka 2020, Auckland, New Zealand, vijana 87 wenye unene wa kupita kiasi walishiriki jaribio la kumezeshwa vidonge vyenye bakteria wa watu wembamba. Baada ya wiki sita, uzito wao ukilinganishwa na urefu haukuwa na tofauti na wa wenzao waliopewa vidonge vitupu. Anayekuuzia vidonge vya bakteria Bamburi au Likoni ili mwanao apungue anakuuzia kitu ambacho hata bakteria kamili wa binadamu mwembamba hawakuweza kukifanya.

Je, basi tuachane na bakteria? Hapana, kwa sababu kuna tafiti nyingine, zilizofanywa karibu nasi zaidi, ambazo haziulizi nani mnene. Zinauliza utumbo hufanywa nini na mlo.

Mwaka 2010 watafiti wa Kiitalia walilinganisha watoto wa kijiji cha Boulpon, Burkina Faso, wanaokula mtama, uwele, kunde na mboga, na watoto wa Florence. Wa Boulpon walikuwa na bakteria wa kuvunja nyuzinyuzi ambao wenzao wa Italia hawakuwa nao kabisa, na asidi zile fupi zilikuwa nyingi zaidi utumboni mwao. Mwaka 2017 tukasoma habari za Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania: kuna aina za bakteria ambazo hupungua hadi kutoonekana katika msimu mmoja wa mwaka na kurudi katika mwingine, kadiri vyakula vya porini vinavyobadilika. Na mwaka 2018 utafiti wa wahamiaji wa Kihmong na Kikaren waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki kwenda Minnesota, Marekani, ulionyesha kwamba bakteria wa nyumbani huanza kupotea ndani ya miezi michache, na watoto wanaozaliwa ugenini hupoteza zaidi kuliko wazazi wao.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Kilimanjaro, uliochapishwa Aprili 2025. Vijana wa kiume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea mlo wa asili wa ndizi, maharagwe, mboga na nafaka nzima walihamishiwa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Waliozoea mlo wa kizungu walifanyiwa kinyume chake, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Damu ya waliohamia soseji na chipsi ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kupanda na kinga kulegea. Ya waliorudi kwenye mlo wa wazee wao ikaonyesha uvimbe kushuka, na baadhi ya mabadiliko yalidumu wiki kadhaa baadaye. Walikuwa watu wazima na kilichopimwa zaidi ni damu, kwa hiyo nisiupe utafiti huu kazi isiyo yake. Lakini wiki mbili! Mtoto anayenunua smoki na jusi ya unga kila siku ya shule tangu chekechea amekwishamaliza wiki mbili mara nyingi.

Karibu zaidi na Likoni kuna ushahidi wa Kwale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha ETH cha Zurich wakiwa na wenzao wa Kenya waliwalisha watoto wachanga 115 wa miezi sita uji wa mahindi kila siku kwa miezi minne. Wengine uji wao ulitiwa unga wa virutubishi wenye madini ya chuma, wengine unga huo bila chuma. Nia ilikuwa njema: upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwa watoto wetu. Matokeo, yaliyochapishwa 2015, yalishtua. Waliopata chuma waliongezekewa na bakteria wa jamii inayoleta magonjwa, bakteria wa faida wakapungua, na utumbo ukaonyesha dalili za uvimbe. Katika kundi lililopewa dozi kubwa, takriban watoto 27 katika kila 100 walihitaji kutibiwa kuhara, wakati wenzao wasiopewa chuma walikuwa 8. Bakteria wa magonjwa hupenda chuma, na mtoto hawezi kukinyonya chote. Kinachobaki huwa karamu yao.

Watafiti hawakuishia kulalamika. Walirudi Kwale na watoto wengine 155, mara hii wakachanganya chuma na sukari maalumu ambayo mtoto haimeng'enyi ila bakteria wa faida huila. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba madhara mengi ya chuma yalizuilika. Sukari za namna hiyo zimo katika maziwa ya mama, tena kwa wingi na kwa aina nyingi kuliko maziwa ya mnyama yeyote anayefugwa. Maziwa ya mama hayamlishi mtoto peke yake. Yana chakula kilichotengwa kwa ajili ya bakteria wake, na ndiyo maana kunyonyesha kunakuja mbele ya kila dawa tunayoweza kuitaja.

Hapo kuna deni tunalodaiwa kama nchi. Tangu 2012 tuna sheria inayobana matangazo ya maziwa ya kopo, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Madaktari wanataka mtoto anyonye bila kupewa kingine kwa miezi sita. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu. Mama anayefanya kazi katika viwanda vya nguo upande wa Changamwe na Jomvu huanza zamu mapema, na mtoto hubaki kwa jirani akipewa uji mwepesi wenye sukari. Kumlaumu mama huyo ni uonevu. Mwenye kulaumiwa ni anayeijua sheria na hajatenga hata chumba kimoja chenye kiti na pazia.

Jambo la tatu, baada ya sufuria na titi la mama, ni dawa za kuua bakteria. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kuku na nguruwe wakilishwa antibiotiki kidogo kidogo hunenepa haraka. Ulaya ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 2006, kwa hofu ya bakteria sugu. Kama dawa hiyo humnenepesha nguruwe, inamfanya nini mtoto? Mwaka 2014 panya waliopewa penisilini kidogo tangu kuzaliwa walinenepa, na bakteria wao walipopandikizwa kwa panya wengine, hao nao wakanenepa. Huko Uingereza, data za watoto zaidi ya 11,000 zilionyesha kwamba waliopewa antibiotiki kabla ya miezi sita walikuwa na uzito wa juu kidogo baadaye. Kidogo, nasisitiza.

Na pana upande wa pili ambao mwandishi mwaminifu hawezi kuuruka. Antibiotiki huokoa watoto. Jaribio kubwa lililofanywa Niger, Malawi na Tanzania, likachapishwa 2018, lilionyesha kwamba azithromaisini mara mbili kwa mwaka ilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban asilimia 14. Lakini watafiti wa Kilifi walipowapa antibiotiki ya kila siku watoto 1,778 wenye utapiamlo mkali, katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi, vifo havikupungua. Dawa ina mahali pake, na si kila mahali. Ukipita jioni katika duka la dawa lolote la mtaani, utamwona mzazi akinunua vidonge vichache vya amoksilini kwa mafua ya mtoto, bila cheti, kwa sababu foleni ya hospitali ni ndefu na kesho kuna kazi. Mafua huletwa na virusi. Vidonge vile havitayagusa, vitagusa tumbo.

Maji nayo yametajwa sana katika mjadala wa tumbo la mtoto, na ni kweli kwamba maji ya visima na ya mikokoteni yana uchafu unaoumiza utumbo. Kuhusu ukuaji, hata hivyo, jaribio kubwa la vijijini magharibi mwa Kenya lililochapishwa 2018 lilikuta kwamba dawa ya maji, vyoo na kunawa mikono havikuwarefusha watoto, ila lishe iliwarefusha kidogo. Tutafute maji safi kwa sababu ya kipindupindu, hiyo inatosha.

Turudi jikoni. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya Gordon na wenzake wa Bangladesh. Waliwalisha watoto wenye utapiamlo wa mtaa wa Mirpur, Dhaka, chakula kilichobuniwa kwa ajili ya bakteria: unga wa dengu, unga wa soya, karanga na ndizi mbichi. Watoto hao waliongezeka uzito vizuri zaidi kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha nyongeza, ingawa chao kilikuwa na nishati ndogo. Hebu tazama orodha hiyo, kisha tembea Kongowea asubuhi. Ndizi mbichi zipo. Karanga zipo. Mbaazi, pojo na kunde ziko kwenye magunia yaliyo wazi. Mchicha, kisamvu, mnavu na majani ya kunde huuzwa kwa mafungu. Unga wa ubuyu, wenye nyuzinyuzi nyingi, unatoka miti ya huko huko Kilifi na Kwale, nasi tunaukuta kwa mtoto ukiwa umegandishwa sukari na rangi nyekundu.

Mlo wa Kiswahili haukosi cha kuwalisha bakteria. Mbaazi za nazi asubuhi ni chakula cha heshima kwa utumbo; kinachozidi ni mahamri matatu na chai ya sukari vijiko vinne pembeni. Mama ana sababu zake: mbaazi zinataka moto wa saa nyingi, na gesi au makaa ni ghali, wakati chipsi za kibandani ziko tayari. Kwa hiyo bei ya moto imo katika suala hili la bakteria, na viwanja vilivyonyakuliwa vimo, kwa kuwa mtoto asiyekuwa na pa kukimbilia hukaa mbele ya skrini. Anayetaka kuupunguza unene wa watoto wa Kisauni bila kugusa kuni, gesi na viwanja ataishia kuuza yogati.

Na hatuwezi kuupunguza tusiouona. Kliniki zetu hutumia utepe unaofungwa kwenye mkono wa mtoto: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hadi 12.5 ni njano, kuanzia hapo ni kijani. Kijani hakina mwisho. Mtoto aliyenona kupita kiasi hupata rangi ile ile ya mtoto mwenye afya, na mama hupongezwa. Utepe ulibuniwa kutafuta wenye njaa, na kazi hiyo inaufanya vizuri, usitwishwe nyingine. Akishavuka miaka mitano, kwa kawaida mtoto hapimwi tena mpaka augue.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa, mizani ikiwemo. Ombi langu kwa Kaunti ya Mombasa ni dogo: wahudumu hao na walimu wa shule za Likoni, Kisauni na Changamwe wapime uzito na urefu wa kila mtoto mara moja kwa mwaka, tangu chekechea hadi darasa la mwisho la msingi, na mzazi apewe matokeo kwa maandishi. Nawe mzazi, usingoje kaunti. Mpeleke mwanao apimwe urefu na uzito pamoja, uulize vinalinganaje, na ukipewa antibiotiki, uulize inatibu nini.